Maswali yenu: hela, nondo na ngamia

Safari hii barua karibu zote zimekuja na kitu kimoja, hela. Sijui ni mahubiri gani yamepita huko yakawachanganya watu kiasi hiki. Nimechagua nne, mbili nimezipunguza maana wenyewe mliandika kurasa na kurasa, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

"Mwalimu shikamoo, na Bwana asifiwe. Mimi ni mfanyabiashara, umri wangu 43, nimeokoka mwaka wa 11 huu. Nilianza na hela ya kukopa, leo nina maduka matatu na nimeajiri watu 14. Shida yangu sijui Mungu ananionaje. Kuna mhubiri alikuja akasema utajiri ndo ushahidi kwamba Mungu yuko na wewe, watu wakapiga makofi huku wananiangalia mimi. Baada ya miezi miwili akaja mwingine akafundisha msijiwekee hazina duniani, na hapo pia watu walikuwa wananiangalia mimi. Usiku silali vizuri, nikifumba macho nahesabu stoo. Alafu hiyo hazina ya mbinguni sijawahi kuielewa ni kitu gani hasa. Hela naiona, hiyo siioni."

Marahaba mwanangu. Hapo pa watu kukuangalia mara zote mbili nimecheka sana, samahani, maana ndivyo tulivyo, mwenye nacho kwetu ni mfano wa kila mahubiri, yawe ya baraka au ya moto.

Tuanzie na huyo wa pili kwasababu andiko alilosoma, Mathayo 6, wengi tunalipita haraka. Mimi nilipokuwa mdogo nikisikia "nondo na kutu viharibupo" nilijua kabisa ni zile nondo za kujengea, chuma, na chuma si inashika kutu, kwahiyo niliona Yesu anaongea na mafundi. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba nondo ni kile kidudu kinachokula nguo, tena sio yule kipepeo mwenyewe, ni kiwavi chake. Na hiyo kutu, neno la Kigiriki pale maana yake ya kawaida ni ulaji, kitu kinachokula, ndo maana wengine wanasema hata wadudu wa ghalani wamo. Na wale wevi "wanaovunja", neno lenyewe ni kutoboa kwa kuchimba, maana kuta nyingi za siku zile zilikuwa za udongo, mwizi anachimba ukuta usiku anaingia. Sasa tazama kilichotajwa hapo. Nguo nzuri, nafaka, na fedha iliyofichwa ndani. Hiyo ndo ilikuwa benki ya mtu wa kale. Yesu hakusema ni vitu vichafu, alichosema ni kwamba vyote vina mlaji wake.

Nikupe na ya kwangu. Nilikuwa na suti ya sufu, ya harusi yangu, niliivaa siku ile na siku nyingine mbili basi, nikaitundika kabatini ndani ya mfuko wake. Mdogo wangu wa ukoo alipokuwa anaoa akaja kuniazima, tulikuwa tunalingana mwili. Nikamzungusha, nikamwambia ina kifungo kimekatika, mara iko kwa fundi, uongo mtupu, nilikuwa naionea wivu tu suti yangu. Akaoa na shati. Miaka kadhaa baadae nikaifungua, begani pamekaa matundu kama mtu kapiga msumari, na chini ya mfuko kuna unga unga wa kijivu na viganda vidogo vyeupe vya wale viwavi. Nilikaa na ule mfuko mapajani sijui dakika ngapi. Mke wangu akaniuliza umepata nini, nikamwambia nimepata Mathayo 6.

Sasa swali lako lenyewe, hazina ya mbinguni ni kitu gani. Watu wengi ukiwauliza watakwambia ni maombi, ni amani ya moyoni, ni utakatifu, na sikatai kwamba vyote hivyo ni utajiri. Lakini wewe kaa na Biblia ufuatilie kila mahali hilo neno linapotokea uone limekaa karibu na nini. Luka 12:33, uzeni mlivyo navyo mtoe sadaka, mjifanyie mifuko isiyochakaa. Marko 10:21, yule tajiri anaambiwa auze awape maskini nae atakuwa na hazina mbinguni. 1 Timotheo 6, Paulo anamwambia Timotheo awaagize matajiri watende mema, wawe wepesi kutoa, washirikiane na wengine, na kwa kufanya hivyo wanajiwekea akiba. Umeona? Karibu kila mara ni mali, hii hii unayoiona, imetoka mkononi mwako ikaingia kwa mtu. Kwahiyo ukiniuliza mimi, hazina ya mbinguni sio hela ya aina nyingine isiyoonekana, ni ile ile ya kwako ikishavaa sura ya mtu mwingine. Suti yangu ingekuwa mbinguni saa hizi kama ningeiazimisha.

Kama ni dhambi kuwa nayo, hapana. Andiko linalotajwa sana watu hulikata, Paulo hakusema fedha ni shina la mabaya, alisema kupenda fedha. Na wenye mali wamejaa humo ndani na hawakusemwa vibaya. Lidia alikuwa anauza vitambaa vya rangi ya zambarau, bidhaa ya wenye hela, na nyumba yake ndo ikapokea wamisionari. Yusufu wa Arimathaya, Mathayo anamwita tajiri kabisa, na kaburi alilozikwa Yesu lilikuwa lake. Yoana na Susana na wanawake wengine, Luka 8, walikuwa wanawahudumia Yesu na wale 12 kwa mali zao, yaani ile huduma tunayoisifia ilikuwa na watu wanaoilipia gharama. Ila sasa usishangilie mapema, maana yuko na yule wa Luka 12 aliyevuna sana mpaka ghala hazitoshi. Nenda kamsome polepole usikilize anavyoongea. Mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Hamna mke pale, hamna mtoto, hamna kibarua, hamna jirani, anajadiliana na yeye mwenyewe tu kuhusu stoo, na usiku huo huo anaambiwa roho yako inatakiwa. Hakuiba huyo mtu wala hakudhulumu popote tunapoambiwa, shamba lilizaa tu. Ndo maana hiyo ya kwako ya kufumba macho unahesabu stoo imenigusa kuliko yale maduka matatu. Maduka hayana neno. Ile saa ya usiku ndo ungeniambia kwa mapana.

Alafu kuna la kiasi gani utoe, hukuuliza ila najua linakuja. Wakristo hawajawahi kukubaliana hapa, na mabishano ni ya zamani. Pale Misri, mwalimu mmoja wa Aleksandria anaitwa Klementi, kama mwaka 200 hivi, aliandika kitabu kizima kuhusu tajiri gani ataokoka, na hoja yake ilikuwa kwamba cha kutupa kwanza ni ile tamaa iliyo ndani, maana kama kila mmoja akitupa kila kitu nani atamlisha mwenye njaa? Hazijapita hata miaka 100, Misri hiyo hiyo, kijana anaitwa Antonio, wazazi wamekufa wamemwachia mashamba na dada mdogo, akaingia kanisani akakuta linasomwa neno la kuuza vyote, akatoka akagawa mashamba. Akabakiza kidogo kwa ajili ya dada yake. Akaingia tena akasikia msisumbukie ya kesho, akatoa na hicho, dada akamweka kwa mabikira waaminifu wamlee, yeye akaenda jangwani. Ni maneno ya Yesu yale yale na nchi ni ile ile. Mimi siwezi kukwambia Klementi alikosea wala siwezi kukwambia wewe ni Antonio, maana Antonio hakuwa na watu 14 wanaotegemea mshahara kwake.

Njia iliyonisaidia mimi ni ya John Wesley, yule wa Wamethodisti. Alisimulia habari ya kijana mmoja wa Oxford, na inajulikana alikuwa anajisema mwenyewe, kwamba mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akaishi kwa 28 akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 zile zile akatoa 32. Wa tatu akapata 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92. Yaani kipato kinapanda ila maisha yamekaa palepale, kinachopanda ni utoaji. Sisi huwa tunafanya kinyume chake kabisa, kipato kikipanda kidogo nyumba inapanda, gari linapanda, na sadaka iko pale pale tangu tulipokuwa maskini. Sisemi ukae na matumizi ya ulipoanza, una watoto. Nasema chora mstari mahali, wewe na mkeo, mkiwa mmetulia, kabla hela haijaja, maana ikishakuja itajichorea yenyewe.

Na kabla ya sadaka yoyote anza na hao 14. Yakobo 5:4 anasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na anaowaambia ni matajiri. Mshahara wao unatoka siku gani? Akiugua mtu inakuwaje? Kuna anayekatwa hela kwa kitu kilichoharibika ambacho sio kosa lake? Uliniambia hazina ya mbinguni huioni, mwanangu, mbona 14 wanafungua duka kila asubuhi.

"Mwalimu, mimi ni dada wa miaka 29, naomba usitaje ninakotokea. Tuliambiwa kwenye ibada kwamba kila mtu apande mbegu inayouma, na mtumishi akasema ana neno kwa mtu ambaye ana hela ya dharura ameificha. Mimi ninayo, ni ya matibabu ya mama. Sikutoa. Tangu siku hiyo nasikia hukumu moyoni, na rafiki yangu ananiambia mama hajapona kwasababu nilimnyima Mungu. Je nilikosa imani?"

Binti yangu, hapana. Naanza na hapana ili upumue, alafu tuongee.

Yesu alishalijibu hili karibu neno kwa neno, Marko 7. Kulikuwa na utaratibu unaitwa korbani, mtu anasema kitu fulani kimewekwa wakfu kwa Mungu, kwahiyo hawezi tena kumsaidia nacho baba au mama. Kinaonekana ni cha kiroho sana. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Hiyo ya mama yako ndo hela yenyewe iliyokuwa inazungumziwa pale, na wewe hukukubali iitwe korbani. Ongeza na Paulo, 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza walio wake ameikana imani. Kwahiyo anaekwambia kumtunza mama ni kukosa imani ameishika Biblia kichwa chini miguu juu.

Najua watakuletea yule mjane wa senti mbili, huwa haachwi huyo. Nenda kasome mistari iliyo juu yake, Marko 12:40. Yesu anawalaumu walimu wanaokula nyumba za wajane, alafu mara moja anatokea mjane anatia riziki yake yote. Alisifiwa, ndio, alitoa kuliko wote. Lakini hakuna aliyesimama na maiki kumwambia nina neno kwa mwenye senti mbili. Ukiweka hiyo mistari pamoja utaona Yesu anauona moyo wa mjane na anawaona pia wanaofaidika. Na Paulo alipokuwa anachangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, 2 Wakorintho 8 na 9, alisema mtu hukubaliwa kwa alicho nacho sio kwa asicho nacho, na sio kwa huzuni wala kwa lazima. Mbegu inayouma kwa kulazimishwa hiyo ni kitu kingine.

Haya mafundisho ya kupanda hela uvune hela wala sio ya mitume, yana historia yake. Yamekua Marekani karne iliyopita, mizizi yake watu wengi wanaikuta kwa E. W. Kenyon aliyefariki 1948, akafuata Kenneth Hagin, na Oral Roberts ndo akalieneza sana hili neno la mbegu ya imani. Andiko lao pendwa ni 3 Yohana mstari wa 2, nakuombea ufanikiwe na kuwa na afya, ambalo ni salamu ya mwanzo wa barua, ndivyo watu wa enzi zile walivyoanza barua zao, kama wewe ulivyoniandikia "natumaini u mzima". Sikugeuza hiyo kuwa ahadi kwamba sitaugua. Na sio mimi peke yangu nasema hivi, wanatheolojia wa Kiafrika wa harakati ya Lausanne, umoja wa Wakristo wainjilisti wa nchi nyingi, walikaa Akropong, Ghana, 2008 na 2009 wakayaandikia tamko mafundisho haya, wakasema wanaamini kabisa nguvu za Mungu na miujiza, ila hawakubali kwamba ni kitu kinachojiendesha chenyewe ukifuata kanuni fulani ya mwanadamu. Hao ni watu wanaoombea wagonjwa kila siku, sio wasioamini.

Hukumu unayoisikia ni ya yule mtumishi, imekaa kwenye masikio yako. Peleka mama hospitali. Kama kuna kitakachobaki baada ya hapo na moyo wako unataka kutoa, toa ukiwa unatabasamu. Na huyo rafiki, mpende, ila habari za mama usimpe tena.

"Mwalimu vipi, mimi kijana, sina kazi ya maana. Wenzangu ambao hata kanisani hawajui wana magari. Mama ananifariji kwamba sisi ni matajiri wa kiroho. Ni kweli au tunajifariji tu?"

Inaweza ikawa kujifariji tu, ndio. Umaskini sio tiketi, kuna mtu hana kitu na usiku kucha anaota hela kuliko huyo mwenye maduka hapo juu, mamoni, yaani hela ikishafanywa mungu, hachagui mwenye nazo. Kuna sala kwenye Mithali 30 naipenda, jamaa anaomba asipewe umaskini wala utajiri, akishiba sana asije akamkana Bwana, akikosa sana asije akaiba. Anajijua huyo. Wivu wako nao sio mpya, Asafu kaukiri wazi wazi Zaburi 73, aliwaona wabaya wamenenepa na hawana shida akajiuliza amejisafisha moyo bure? Wala hakufichwa, wimbo wake uliimbwa hekaluni. Kwahiyo mwambie Mungu hivyo hivyo, kwamba unaona wivu, hilo la kwanza, na la pili tafuta kazi bila aibu, yoyote ya halali, Paulo mwenyewe alishona mahema. Na ule mstari wa nayaweza mambo yote ambao vijana mnaubandika kila mahali kama wa kushinda mitihani na kupata gari, rudi nyuma mstari mmoja, Wafilipi 4:12, Paulo yuko kifungoni na anaongelea kushiba na kuona njaa. Mambo yote ni hayo.

Kuhusu mama yako, Ufunuo wa Yohana una makanisa mawili ya kumpima nayo. Smirna wanaambiwa naujua umaskini wako, lakini u tajiri. Laodikia wanasema sisi ni matajiri hatuhitaji kitu, wanaambiwa ni maskini na vipofu na uchi. Laodikia ulikuwa mji wa hela kweli, tetemeko lilipowapiga mwaka 60 walijijenga upya bila kuomba msaada wa Roma. Sasa mama yako anapokwambia ninyi ni matajiri wa kiroho mtazame anavyoishi na watu, wewe ndo unaishi nae, utajua kama ni Smirna au ni maneno.

"Mwalimu, ni kweli tundu la sindano lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ngamia akipiga magoti na kushushwa mizigo anapita?"

Unaulizia lile neno la Yesu kwamba ni rahisi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu. Hiyo ya lango sio kweli ndugu yangu, ni hadithi tamu tu. Hakuna ushahidi wowote wa wakati wa Yesu wa lango la jina hilo, maelezo hayo yametokea karne nyingi baadae. Wengine wanasema sio ngamia ni kamba, kwasababu Kigiriki maneno hayo yanatofautiana herufi moja, nayo ni kupunguza makali tu, kwanza hata kamba haipiti. Wayahudi wa Babeli nao walikuwa na usemi wao wa tembo kwenye tundu la sindano, maana yake ni kitu kisichowezekana, basi. Wanafunzi walielewa vizuri ndo maana walishtuka wakauliza ni nani basi awezae kuokoka, mtu hashtuki hivyo kwasababu ya lango dogo. Jibu likawa kwa wanadamu haiwezekani, kwa Mungu yote yawezekana.

Ila angalia Luka alivyopanga. Ngamia yuko sura ya 18. Fungua sura ya 19, wa kwanza kutokea ni tajiri, Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, kapanda juu ya mkuyu kwasababu ni mfupi, na kabla siku haijaisha nusu ya mali ni ya maskini na waliodhulumiwa wanarudishiwa mara nne. Ngamia akapita.

Mlioniandikia kuhusu zaka kwenye hela ya mkopo, ziko saba na mnagombana wenyewe kwa wenyewe, nimeziona, toleo lijalo.